Kitanda Kilichoelekezwa Kibla

Nilianguka kutoka dunguni nikifukuza ndege, na kwa muda mrefu niliona haya kulisema hilo mbele za watu. Mtu mzima, una wajukuu, umepanda na kushuka ngazi ya dungu tangu hujaota meno ya pili, leo uteleze kama mgeni aliyekuja kutembea. Walioniuliza niliwajibu kwamba kichwa kinaniuma tu. Ninaandika sasa kwa sababu tangu nipate nafuu watu wananijia nyumbani. Mmoja mwanawe ameanguka mnazini, mwingine mumewe kapinduka na pikipiki, na wote wanataka kujua kitu kimoja, kwamba huko ndani ya ugonjwa wa kichwa kunakuwaje. Nitasema kulivyokuwa kwangu. Majina ya dawa msiniulize, hata niliyoambiwa nimeyasahau.

Kwa asiyejua, dungu ni kibanda tunachokijenga shambani juu ya nguzo ndefu. Mpunga ukianza kutia maziwa tunahamia huko, mchana tunaamia ndege na usiku tunasikilizia nguruwe. Sisi ni watu wa Maparoni, na mwaka ule mpunga ulikuwa umekubali. Masika yalikuwa yanakwisha, ngazi ina utelezi, na mimi nimeshika kamba ya makopo mkononi. Nikakanyaga mahali ambapo hapakuwa na ngazi. Ubavu wa kichwa ukagonga mdomo wa kinu kilichokuwa chini. Nilikaa kidogo kwenye majani, nikacheka. Seif, mume wangu, akauliza kama nimeumia, nikamwambia atazame kinu kwanza, huenda ndicho kilichoumia. Tukarudi kuwapigia ndege kelele.

Ugonjwa wenyewe haukuja siku ile. Ulinipa nafasi ya kuvuna kidogo, kupika, hata kwenda kwenye arusi ya jirani. Kisha kichwa kikaanza kuuma taratibu, zaidi asubuhi kuliko jioni. Nikajifunga kanga kichwani, nikaikaza kama mama zetu wanavyokaza, na kadiri kilivyouma ndivyo nilivyozidi kukaza. Nikaanza kutapika bila hata kusikia kichefuchefu. Bakuli likawa linaniponyoka mkono wa kushoto, na Seif akadhani nimemnunia. Mwisho nikawa nalala mchana kutwa dunguni huku ndege wanajilia. Hapo ndipo Seif alipoogopa, maana mimi na ndege hatujawahi kuwa na suluhu.

Akamwita Mama Mkubwa. Huyu ni dada wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea, na ndiye anayewaosha maiti wanawake wa upande wetu wote. Kazi hiyo ameifanya tangu mimi mdogo. Mtu akizidiwa huitwa yeye, akitazama uso hujua, na anachokisema watu huanza kukifanyia maandalizi. Alipofika aliinama akanitazama, akaenda kwake akarudi na mfuko. Tukiwa botini tunavuka, Seif aliona ndani ya mfuko ule robota la bafta, kitambaa cheupe tunachoshonea sanda. Aliniambia baadaye kwamba aliyatazama maji mpaka tulipofika ng'ambo, kwa sababu hakutaka kumtazama mama mkwe wake.

Mimi nakumbuka mbingu, na harufu ya mafuta ya injini, na kwamba nilitapikia miguu ya mtu. Yaliyofuata nimeyapata kwa Seif, kwa Mama Mkubwa na kwa muuguzi aliyenipokea hospitali, kila mmoja kwa namna yake, na mahali wanapopingana nimechukua lile linaloniingia akilini.

Hospitali tuliyofikia, upande wa Kibiti, daktari alisema damu imevuja ndani ya fuvu na inausukuma ubongo, kwa hiyo ni lazima nikafunguliwe kichwa Dar es Salaam. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mama aliyeshindwa kujifungua. Ilibidi lisubiriwe lirudi. Aliyeachiwa kunishikilia hai wakati huo wa kungoja alikuwa muuguzi mmoja aitwaye Neema, binti wa bara, mwembamba, mpole wa sauti. Kwanza alifungua ile kanga niliyojikaza kichwani. Akanyanyua upande wa juu wa kitanda, akakunja mashuka mawili akayabana huku na huku ili kichwa changu kisilale upande. Akatundika dripu ya kupunguza uvimbe, akaweka mpira wa mkojo, na kila mara anarudi na kitochi chake ananifunua macho na kunimulika.

Kisha akawatoa watu. Ndugu wote wa Kibiti walikuwa wameshajaa, wengine wameanza kunisomea Yasini kwa sauti, mmoja ananikanda miguu, mwingine ananiita jina langu sikioni ili niamke. Neema aliwaambia kwa adabu kwamba kelele na misukosuko vinapandisha mgandamizo kichwani, aingie mmoja mmoja, na dua isomwe polepole. Ukitaka kumuudhi mtu wa kwetu, mzuie kumwona mgonjwa. Walitoka wananung'unika.

Akaingia Mama Mkubwa. Alinishika miguu akaiona ya baridi, akatazama pua yangu, akasikiliza pumzi. Akamwambia Seif kwamba ninaaga. Kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake, hakungoja ruhusa ya mtu. Aliondoa shuka la kulia, akanigeuza uso mpaka kidevu kikagusa bega, kuelekea kibla, akainama kunitamkisha shahada.

Seif anasema pumzi yangu ilibadilika palepale, ikawa ya kukoroma. Neema akaja mbio na kitochi, akakuta mboni ya jicho moja imepanuka kuliko ya pili. Akanishika kichwa kwa mikono miwili akakirudisha katikati. Mama Mkubwa akakigeuza tena. Neema akakirudisha.

"Binti, niachie mwanangu," Mama Mkubwa akasema. "Wewe hizi habari zetu huzijui."

"Kweli sizijui, bibi. Nifundishe, nitafanya. Ila shingo isipinde."

"Kwani shingo ina nini?"

"Damu inayopanda kichwani inashukia hapa shingoni. Ukiikunja haishuki, na huko juu hakuna tena pa kuiweka."

"Na akifa uso wake hauko kibla, utakwenda kunijibia wewe?"

Mikono ya Neema ilikuwa bado kwenye mashavu yangu. Seif amesimama upande wa miguuni, hajui amtii nani, kwa sababu mmoja alikuwa anaupigania uhai wangu na mwingine mwisho wangu, na vyote viwili ni vyangu. Mpaka leo nikiwaza yale nasikia uchungu kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu.

Ndipo Neema akauliza kibla ni wapi. Mama Mkubwa akaonyesha mlango. Neema akakitazama kitanda, akaitazama sakafu, akainama akafungua breki za magurudumu.

"Na tukimgeuza na kitanda chake?" akauliza. "Miguu iwe mlangoni. Kichwa kimeinuka, kwa hiyo uso wake utaangalia hukohuko."

Hapa inabidi nieleze. Kwetu mtu hanyooshi miguu kibla. Mtoto akilala hivyo hugeuzwa, na mtu mzima akilala hivyo huulizwa kama amelelewa. Lakini anayekata roho, asipoweza kulazwa ubavu, hulazwa chali, miguu kibla, kichwa kikainuliwa ili uso uelekee. Jambo hilo Mama Mkubwa analijua kuliko mtu yeyote wa vijijini kwetu. Alishawalaza hivyo bibi waliovunjika nyonga. Akauliza kama kichwa kitabaki kimeinuka namna ile. Neema akasema hivyohivyo, kisishuke hata kidogo.

Wakakisukuma wote watatu. Neema alisukuma kwa sababu ya shingo yangu, Mama Mkubwa kwa sababu ya kaburi langu, na Seif kwa sababu hakuweza tena kuona wanawake wawili wanavutana kichwa cha mkewe. Kitanda kikageuka. Koromo likapungua. Neema akavuta kiti akakaa ubavuni pangu na kitochi chake, na Mama Mkubwa akakaa ubavu wa pili akinong'ona shahada, na walikaa hivyo mpaka gari likarudi. Njia nzima ya Dar binti yule alikuwa amenishika kichwa kwa viganja viwili kisiyumbe, hata kwenye matuta.

Dar nilifunguliwa, damu ikatolewa. Siku ya kuamka nilijua kwanza koo linawasha, kisha nikapeleka mkono kichwani nikakuta hakuna nywele, kuna bandeji. Mkono wa kushoto niliuita haukuja. Nikalia kwa sauti ambayo haikuwa yangu, nyembamba kama ya kitoto. Wauguzi wa huko nao wakanibembeleza ninyamaze, kulia pia kunapandisha mgandamizo. Huo ni ugonjwa gani ambao hata kilio umekatazwa, nilijiuliza, na nikazidi kulia.

Seif alikaa nje kwenye mabenchi ya wanaosubiri. Yeye si msemaji, na sebule zile hazina huruma na mtu asiye msemaji, maana mlango ukifunguliwa kila mtu anasimama, na jina likiitwa si lako unakaa tena na moyo wako umechoka. Mama mmoja wa Chumbi, aliyekuwa na mwanawe ndani, alimgawia chapati na kumfunza mambo yote: aingie na tabasamu, asinihadithie habari za shamba, asinichekeshe sana wala asinilize. Sikujua kwamba nguruwe walikuwa wameshamaliza mpunga wetu. Nilijua nilipofika nyumbani. Mama wa Chumbi kijana wake hakutoka naye. Seif alikuwa amebeba chapati yake mfukoni siku hiyo, na hakuila.

Nilirudi Maparoni kwenye kipupwe. Tulipitia Kibiti kutoa nyuzi, na Neema akanipa masharti kwa maneno ya kawaida. Nilale kichwa kikiwa juu. Nisiiname kuokota, nisibebe ndoo, nisijikamue chooni, nile papai na mlenda. Nikohoe kwa adabu. Na nisisujudu, nisali nimekaa, mpaka madaktari waseme. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Nimeandikiwa niishi, lakini paji la uso lisiguse mkeka.

Nilipoingizwa chumbani kwangu niliona kitanda kimeshatengenezwa. Upande wa kichwani umeinuliwa kwa matofali, vizuri kabisa, kama Neema alivyoagiza. Na miguuni ni kibla. Mama Mkubwa alikuwa amekipanga mwenyewe, anakung'uta mto, hanitazami. Nikalazwa. Moyo wangu ulianguka kwa kishindo kuliko nilivyoanguka dunguni.

Jioni ile niliwasikia nyuma ya pazia. Seif alisema, "Mama, hospitali wamesema kichwa juu. Hawakusema miguu kibla."

"Niliuona uso wake, baba. Uso ule nimeuosha mara nyingi."

"Mke wangu amerudi."

"Waliorudi wakaenda tena ni wengi."

Akamwuliza kuhusu ule mfuko. Mama Mkubwa hakujibu, na Seif akachukulia kwamba ameurudisha kwake. Nami sikuwa na nguvu za kupinga. Nikalala kipupwe chote katika mlalo wa mtu anayeondoka, na nyinyi mnaouguza, nawaombeni mlijue hili: mgonjwa anaona. Anaona mnavyopanga chumba, anaona mnavyoongea na mgeni mlangoni kwa sauti ya chini, na anahesabu yote.

Wageni nao walikuwa mtihani. Seif aliketi kizingitini na kuwaambia nimelala, arudi mmoja kesho. Kijijini wakasema ananificha, wakasema nimepata wazimu, dada yake mwenyewe akamsusa. Usiku wala mchana hakujitetea. Mimi nami sikuwa na shukrani. Nilikuwa nachukia harufu ya vitunguu, nachukia sauti ya jogoo, nalia kwa sababu kijiko kimeanguka. Siku moja nilimrushia Mama Mkubwa kikombe kwa mkono wangu mzima. Aliokota vipande kimoja kimoja, na utulivu wake ndio ulionichoma zaidi, kwa sababu niliona kama ananivumilia jinsi anavyovumiliwa mtu ambaye hatakaa sana.

Yeye ndiye aliyekuwa akiniosha. Nywele zilipoanza kuota ziliota nyeupe, na upande wa kovu palikuwa na kibonde laini ambacho mimi mwenyewe niliogopa kukigusa. Mikono yake haikuogopa. Maji ya vuguvugu, taratibu, kichwa, kisha upande wote wa kulia, kisha wa kushoto. Kila siku hivyohivyo. Siku moja nikatambua kwamba huo ndio mpango wa kuosha maiti.

"Mama Mkubwa," nikamwambia, "unaniosha vipi?"

Kitambaa kikasimama. Alikaa hivyo maji yakimchuruzika viwikoni. Halafu akavuka akaja upande wa pili, akaanza na mkono wangu wa kushoto, ule uliopooza, akausugua kidole kwa kidole mpaka nikasikia maumivu. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia kitu katika mkono ule. Nilimwambia unauma. Akasema uume tu.

Vuli ilipoanza kichwa kilirudi. Kiliuma asubuhi moja kwa namna ileile, nikatapika, na nyumba nzima ikasimama. Boti tena, gari tena, Mama Mkubwa tena na uso wake uliofungwa. Neema alinimulika macho, akanishikisha vidole vyake, akaniuliza maswali ya kawaida mpaka tukafika kwenye lile la choo. Nikakiri kwamba siku kadhaa papai lilikuwa limeadimika, na kwamba asubuhi ile nilijikamua kama nazaa. Alijitahidi asicheke akashindwa. Seif naye akacheka, kisha akatoka nje haraka, na nilimwona dirishani ameegemea ukuta anafuta macho kwa shati.

Kliniki ya Dar ilikuja wakati wa kiangazi, majani yamekauka na watu wanachoma mashamba. Nilikaa tena kwenye mabenchi yale, safari hii mimi mwenyewe nikiwa na jina la kuitwa. Daktari alitazama picha ya kichwa muda mrefu, akasema ubongo umerudi mahali pake. Nikamwuliza kuhusu kubeba ndoo. Akasema taratibu. Nikamwuliza kuhusu kusujudu. Akasema nisujudu.

Tulifika nyumbani alasiri. Sikula wala sikubadilisha nguo, nilitawadha nikatandika mkeka chumbani, mahali padogo palipobaki kati ya kitanda na ukuta. Mama Mkubwa alikuja akakaa kizingitini, pale Seif alipozoea kukaa. Nilipoinama niliogopa kuliko nilivyoogopa asubuhi ile ya vuli. Damu ilishuka kichwani, niliisikia inavuma masikioni, nikasubiri maumivu. Yakaja joto tu. Paji la uso likagusa mkeka, nikakaa hapo zaidi ya inavyotakiwa, na niliyoyasema ni yangu na aliyeyasikia.

Nilipotoa salamu Mama Mkubwa alikuwa ameshasimama mbele yangu. Alinishika kidevu akanigeuza kuelekea dirishani, akanitazama jicho moja, akatazama la pili, akarudia la kwanza, kama alivyomwona yule binti akifanya. Akanikunjua mkono wa kushoto akaukunja. Kisha akaita, "Seif, njoo ushike huku."

Seif hakuuliza ashike nini. Wakaondoa matofali, wakakivuta kitanda, miguu yake ikakwaruza sakafu, mpaka kikalala kama vitanda vya watu wengine wa Maparoni vinavyolala. Na pale kilipokuwa, kwenye vumbi chini ya mahali kilipolala kichwa changu miezi yote ile, kulikuwa na ule mfuko.

Seif aliutazama. Mimi nilibaki nimekaa mkekani. Mama Mkubwa aliinama akauokota, akatoa lile robota la bafta, akalipiga vumbi kwa kiganja, akalikunja upya vizuri kwa pembe zake.

"Hii yangu," akasema. "Mie ndiye mkubwa."

Akalitia kwapani akatoka, na alipofika uani nikamsikia anamwuliza jirani kama papai lake limeiva.